Kreti Thelathini za Pua

Dukani, 4 Juni

Wifi,

Sikuulizi hali. Najua u mzima, maana watu wa aina yako hawaugui.

Kreti thelathini zimefika jana asubuhi. Nilikuwa nimewaalika wateja wangu wa miaka mingi, watu kumi na wanane, yule daktari wa meno, jaji mstaafu, walimu wawili wa muziki na wengineo, waje tufungue pamoja mvinyo mwekundu wa mwisho wa mdogo wangu. Nilitandika kitambaa cheupe kwenye kaunta, nikapanga glasi, nikaweka ile picha yake akinusa huku amefumba macho. Nikasema maneno machache. Nikasema, "Huyu ni mtu ambaye bonde zima lilimwita Pua, na hakuna aliyemcheka kwa jina hilo." Nikamimina.

Wifi, jaji alitema. Mzee wa miaka sabini na sita, mtu mstaarabu, alitafuta pa kutemea akakosa, akatema kwenye leso yake mwenyewe. Mwalimu mmoja akanifichia aibu, akasema, "Labda ni chupa hii tu." Nikafungua ya pili kutoka kreti nyingine. Nikafungua ya tatu. Zote ni zile zile: siki, harufu ya pipa lililolowa likasahaulika, na ukakasi wa kukausha ulimi kama mtu aliyelamba ukuta. Watu waliondoka mmoja mmoja, kila mmoja akinishika bega. Nilishikwa bega mara nyingi kuliko siku ya mazishi.

Zabibu hizo Pua alizivuna kwa mkono wake Februari ya mwaka jana. Alizikamua yeye, akazitia kwenye mapipa yeye. Alifariki Oktoba. Amekuachia mvinyo mzima, wewe ukakaa nao miezi sita ndipo ukautia kwenye chupa. Ulifanya nini humo ndani? Mtu ambaye mvinyo wake miaka saba mfululizo ulipanda tu, mpaka ule wa mwaka wa mvua nyingi uliowaliza watu hapa dukani, leo anaagwa kwa siki!

Siku alipokuleta nyumbani nilimwambia: mwosha mapipa ni mwosha mapipa. Alininunia wiki mbili. Nasema tena leo, na hayupo wa kuninunia.

Nataka maelezo.

Dada wa marehemu


Kiwandani, 15 Juni

Wifi,

Maelezo hayapo. Mvinyo ni huo.

Kama haukufai, nirudishie. Gari la mizigo linalokuletea linarudi huku tupu kila Jumatano, dereva unamjua. Ila nakuomba jambo moja, na sijawahi kukuomba jambo: usiumwage. Urudishe hata kama kreti zimefunguliwa, hata chupa iliyobaki nusu, iwekee kizibo uirudishe.

Kuhusu kuosha mapipa, ni kweli niliosha. Ningekushauri ujaribu siku moja. Unaingia kichwa na mabega, unatoka unajua pipa limekaa na nini. Wewe umeuza mvinyo miaka ishirini na mbili na hujawahi kulowa hata viatu.

Na kwa kuwa tumefika kwenye mazishi: mdogo wako alilala kitandani miezi minne. Ulikuja mara moja, na maua, na watu watatu wa kukupiga picha. Ukamwambia, "Pua yetu, utapona." Ulipotoka alikunja uso akaelekea ukutani. Hukumwona, ulikuwa unatafuta miwani yako.

Mke wa marehemu


Dukani, 27 Juni

Wifi,

"Maelezo hayapo." Umeandika hivyo kwa mkono wako na hukuona haya.

Sasa sikiliza. Baba alitugawia shamba nusu kwa nusu. Nusu ya juu, ya mtelemko wa mawe, yenye kiwanda, alipewa Pua, na sasa unakaa nayo wewe. Nusu ya bondeni ni yangu. Miaka yote hii nimekuacha uvune kwangu kwa sababu mdogo wangu alisema mvinyo wake hauwi mvinyo bila zabibu za pande zote mbili, za chini kwa rangi na mwili, za juu kwa makali. Kwa ajili yake nilikubali. Kwa ajili yako sina sababu.

Kile kiwanda kikubwa kilichonunua mashamba ya jirani zetu kimeniandikia mara nne. Mara tatu za kwanza niliwatupia barua yao kapuni. Ya nne nimeiweka mezani.

Namtuma mtu. Ni mwonjaji, anaonja mvinyo kwa kazi, wala hanijui sana wala hakujui. Ataonja kila kilichomo humo, vya zamani na vipya, ataniandikia. Akisema umeharibu kwa uzembe, nauza nusu yangu. Umfungulie milango yote.

Dada wa marehemu


Kiwandani, 21 Julai

Wifi,

Mtu wako amekuja na amekwenda. Alifika na viatu vyeupe. Nikamwambia huku kuna tope, akasema hana neno. Alipotoka mstari wa nne wa mizabibu viatu vilikuwa vya rangi ya udongo wa baba yako, na neno alikuwa nalo.

Alibeba glasi yake mwenyewe kwenye taulo kama mtoto mchanga. Nikamtukana kidogo mlangoni, kisha nikamfungulia kila kitu, kama ulivyoagiza. Alitaka kuona kwanza shamba. Nikampandisha hadi juu kwenye ukuta wa mawe, pale upepo unapoingilia bondeni kila alasiri ukakausha majani, ndiyo maana hatupati ukungu wanaoupata wenzetu wa ng'ambo. Nikamwonyesha wakulima wadogo waliobaki. Tulikuwa tisa, sasa tuko watatu. Kwingine kote ni nguzo za chuma za kiwanda kikubwa, zimenyooka kama sindano, na zabibu nyeupe tupu, kwa sababu nyeupe zinatoka haraka. Aliniuliza, "Na hii mizabibu mizee ya bondeni?" Nikamwambia ni ya mwenye duka mjini, aliyekutuma.

Kisha akaonja. Alianza na chupa za miaka saba iliyopita, akaja kwenye ule wako wa kreti thelathini, akamalizia na mapipa ya mwaka huu. Kazi hiyo ilimchukua saa tatu. Aliniuliza swali moja tu: "Nani alikuwa anakusaidia?" Nikamjibu hakuna. Akaniangalia mno, akaandika.

Hayo ndiyo yote. Hukunijibu kuhusu kreti. Jumatano tatu dereva amerudi mikono mitupu. Zirudishe.

Mke wa marehemu


Hotelini, 29 Julai

Mama mwenye duka,

Nakuandikia kwa ufupi, kama ulivyotaka.

Sikukuta uzembe. Mapipa ni masafi kuliko mengi niliyoyaona katika mabonde makubwa yenye majina. Mvinyo mwekundu wa mwaka huu, ambao bado umo mapipani, ni mzuri sana: mzito bila kuchosha, una harufu ya zambarau zilizoiva, ukakasi wake ni laini kama kitambaa kilichofuliwa mara nyingi. Ukipewa mwaka mmoja utawanyamazisha watu.

Chupa za miaka saba iliyopita nazo ni hivyo hivyo. Nakuambia kwa uhakika wa kazi yangu: aliyetengeneza hizo saba na aliyetengeneza huu wa mapipani ni mtu mmoja. Mvinyo una mkono kama mwandiko ulivyo na mkono, na huu ni mkono mmoja.

Ule wa kreti thelathini ndio mgeni. Umekaa na maganda ya zabibu siku nyingi kupita kiasi, na sehemu yake ilipita kwenye pipa baya. Ni kazi ya mtu mwingine kabisa, mtu mwenye bidii lakini asiyesikia anachokifanya.

Kwa kuwa umeniambia mdogo wako ni marehemu, sina budi kuongeza: aliyetengeneza ile miaka mizuri yu hai.

Mwonjaji


Dukani, 20 Agosti

Wewe,

Sikuiti wifi tena.

Nina barua ya mwonjaji mbele yangu. Nimeisoma mara tatu nikidhani sijui kusoma. Anasema aliyetengeneza mvinyo wa miaka saba yu hai, na ndiye aliyetengeneza huu wa mwaka huu. Na ule mbaya, wa mwaka Pua alipokuwa mgonjwa, ni wa mtu mwingine asiyejua kazi.

Ni nani huyo mwanamume?

Usinifanye mtoto. Mdogo wangu alikuwa anaamini watu kupita kiasi tangu utotoni. Kumbe miaka saba ulikuwa umemwingizia mtu humo ndani ya kiwanda cha baba yetu, anatengeneza mvinyo, na Pua anasimama hapa kwangu akisifiwa kwa kazi ya mwanamume wa mkewe! Hakujua? Au alijua akafa nalo? Na ule mwaka mliogombana na bwana wako, akaondoka, mkampa kazi mlevi gani aharibu? Sasa amerudi, na mapipa yamependeza. Nakupongeza.

Ulitaka kreti zako. Nimezimwaga. Jumamosi, saa nne asubuhi, uani nyuma ya duka, mbele ya wateja wote kumi na wanane, kwa sababu waliona aibu na ilikuwa haki yao waone imeondolewa. Wafanyakazi wangu walifungua, mimi nikamwaga, chupa moja moja, kwenye mfereji. Ilituchukua hadi adhuhuri. Maji mekundu yalitoka uani yakashuka barabarani hadi mlangoni kwa fundi viatu, akatoka akauliza nimechinja nini. Mikono yangu ilinuka siki siku mbili. Sijutii hata tone.

Tarehe tano Septemba natia saini na kiwanda kikubwa. Mwambie bwana wako atafute zabibu kwingine.

Dada wa Pua


Kiwandani, 31 Agosti

Wifi,

Mimi nitakuita hivyo hivyo, upende usipende, kwa sababu nataka ujue ni nani anayekuambia haya.

Hakuna mwanamume. Ni mimi.

Unakumbuka ile homa iliyomlaza Pua wiki tatu, miaka tisa sasa? Ulituma supu ya kopo na daktari wako. Alipona, akaamka, akaenda kwenye mapipa kama kawaida. Nilikuwa nafagia. Akaniita, "Njoo unuse hapa." Nikanusa. "Unasikia nini?" Nikadhani ananipima, maana alipenda kunipima. Nikamwambia, "Zambarau. Na kitu kama ngozi ya mkoba mpya." Akasema, "Endelea." Nikaendelea. Nikageuka nikamkuta analia amesimama, glasi mkononi.

"Mimi sisikii kitu," akasema. "Ni kama maji. Tangu nilipoamka, kila kitu ni maji."

Tulingoja mwezi, tukangoja mwaka, tukaenda kwa madaktari wawili mbali, ambako hakuna anayetujua. Haikurudi. Mtu aliyeitwa Pua, wifi, na hakuwa na pua. Nikamwambia tumwambie Dada. Alinishika mkono mpaka ukauma. "Usimwambie Dada. Dada amenijengea jina kwa mdomo wake. Nikianguka mimi, anaanguka na duka lake mbele za watu." Unaona? Alikuwa anakulinda wewe. Nikaapa.

Ndipo nikaanza. Mwaka wa kwanza niliharibu tangi zima nikalimwaga kabla hujaliona. Kisha nikajua. Nilikuwa nimeingiza kichwa kwenye mapipa yale miaka sita kabla ya hapo, nilijua kila moja linapenda nini. Miaka saba, ile unayoililia, ni yangu yote. Huo wa mwaka wa mvua nyingi nilivuna siku nne kabla ya majirani wote, na Pua alibishana nami mpaka sauti ikamkauka, kisha akaniachia.

Tulipokuja kwako, nilimwandikia maneno kwenye karatasi, akayashika njiani kama mtoto wa shule. "Zambarau, moshi wa mbali, udongo uliopata mvua." Akasimama mbele ya kaunta yako, akafumba macho, akayasema. Mkapiga makofi. Mimi nilikuwa kwenye sinki lako naosha glasi, ukaniambia, "Taratibu na hizo, ni za gharama."

Sasa sikia hili la mwisho ndipo ulale nalo.

Mavuno ya Februari ile alikuwa tayari mgonjwa, nasi tulijua. Akaniambia, "Huu uwe wangu. Usiuguse. Usininong'oneze." Nikamwambia, "Utafanyaje?" Akasema, "Nina masikio na mikono." Akafanya. Alitumbukiza mkono hadi kiwiko kwenye maganda apime joto. Aliweka sikio kwenye tangi asikilize unavyochemka, akicheka peke yake. Aliuacha na maganda mno kwa sababu rangi ilizidi kupendeza kila siku, na rangi ndiyo peke yake aliyoweza kuiona. Pipa moja lilikuwa limeoza. Mimi nililisikia kutoka mlangoni. Nilisimama pale na mdomo wangu nimeufunga, akaniuliza, "Vipi?" Nikamwambia, "Ni wako." Akasema, "Hilo si jibu," akacheka tena.

Kwa hiyo huyo "mtu asiyesikia anachokifanya" ni mdogo wako. Baada ya kufa kwake ningeweza kuuchanganya na wangu, theluthi kwa theluthi mbili, na wewe usingejua kitu, ungempigia makofi mara ya nane. Sikuuchanganya. Niliutia kwenye chupa kama alivyouacha, kwa sababu kitandani, Oktoba, aliniambia, "Ukiiva mpelekee Dada wote. Yeye atanitambua."

Ulimtambua, wifi?

Mke wa Pua


Dukani, 12 Septemba

Mwongo.

Barua yako imefika jana. Nilitia saini tarehe tano.


Dukani, 3 Oktoba

Wifi,

Hukunijibu, na sikustahili jibu, kwa hiyo naandika tena bila kualikwa.

Nilikaa wiki tatu nikijitahidi uwe mwongo. Nilimtafuta mwonjaji, nikamuuliza ni nani hasa aliyemkusudia. Akashangaa. "Mama, niliposema yu hai, nilimkusudia yule mwanamke aliyenitukana mlangoni. Kwani kuna mtu mwingine mle?"

Hata hapo niligoma. Kisha juzi nilisahau maziwa jikoni yakaungua, moshi ukajaa mpaka sebuleni, nami nikabaki nimesimama na sufuria. Kwa sababu liliwahi kutokea. Miaka mitano iliyopita Pua alikuwa ameketi jikoni kwangu, hatua mbili kutoka kwenye jiko, anasoma gazeti, na maziwa yanaungua pale pale. Niliingia nikikohoa. Nikamwambia, "Pua gani hii?" Akashtuka, akacheka, akasema alikuwa anawaza. Nikamsimulia kila mtu hapa dukani kwamba mdogo wangu akiwaza mvinyo hata nyumba iungue hajui. Wakacheka. Naye alikuwepo, akacheka nao.

Na siku alipoacha kufungua chupa mwenyewe, akawa anakuita wewe ufungue na unuse kizibo, mimi niliwaambia ndugu kwamba umemtawala.

Sikuombi msamaha kwenye karatasi, sijui kuandika maneno hayo na wewe hungeyaamini. Nauliza tu. Je, ilibaki hata chupa moja?

Dada


Kiwandani, 14 Oktoba

Wifi,

Zilibaki nane. Niliziweka kando siku ya kujaza, sikujua kwa nini. Sasa ni saba, kwa maana moja imo kwenye boksi hili, imefungwa kwenye sweta lake la kijivu. Sweta ulirudishe.

Usidhani ni zawadi. Alisema upelekewe, nami nimepeleka mara ya pili. Ukiimwaga hii, hakuna ya tatu.

Watu wa kiwanda kikubwa walikuja wiki iliyopita, vijana wanne wenye kamba na makopo ya rangi. Wamepaka alama kila shina la bondeni. Mizabibu ya baba yako, ile minene kama paja la mtu, ina msalaba mweupe shinani mmoja baada ya mwingine hadi barabarani. Nikawauliza watapanda nini. "Nyeupe, mama." Wametuachia msimu mmoja wa mavuno, wa Februari, halafu wanang'oa. Baada ya hapo nitabaki na mtelemko peke yake, makali bila mwili, na mvinyo mwekundu wa nyumba hii ndio mwisho wake kama watu walivyoujua. Nitatengeneza mwingine. Utakuwa mvinyo mwingine.

Hilo la kumwaga, ulimwaga kwa kutojua. Hili la kuuza ulilifanya makusudi, na hilo sijakusamehe. Nakuambia ili usije ukajidanganya kwa sababu ya sweta.

Mke wa Pua


Dukani, 2 Novemba

Wifi,

Nilifunga duka Jumapili mchana, nikavuta pazia, nikakaa mwenyewe kwenye kaunta.

Ni mbaya, wifi. Sitakudanganya. Glasi ya kwanza niliinywa kwa ajili ya deni la moyo, nikafinya macho. Ya pili niliinywa kwa hasira. Ya tatu nikaanza kucheka, na ningekuwa na mtu pale angeita daktari. Kwa sababu Pua alikuwa hivyo hivyo! Alipokuwa na miaka sita alikuwa anatuchemshia chai mpaka inakuwa nyeusi kama lami, kwa sababu alipenda kuiona inageuka. Akipewa wino auchanganye, anauchanganya mpaka karatasi inatoboka. Mama alikuwa anampigia kelele, "Acha, imetosha!" Hakujua kamwe wakati wa kuacha. Kisha akawa mkubwa na mvinyo wake ukawa na adabu, kila kitu mahali pake, na mimi nikasema amekomaa. Nilimsifia utulivu miaka saba, kumbe nilikuwa nakusifu wewe. Mdogo wangu mwenyewe alikuwa ndani ya chupa hii, amepitiliza, anachemsha chai.

Nilimtambua. Nilichelewa glasi mbili, na kreti thelathini.

Nimeimaliza yote.

Nilikwenda kiwanda kikubwa nikaomba turudi nyuma. Walinikalisha kwenye chumba chenye zulia, wakaniletea maji, wakanionyesha saini yangu. Ni saini yangu. Nikawaambia mengi, mlinzi mmoja akanisindikiza nje kwa heshima. Kwa hiyo hilo limekwisha na usinisamehe, sijakuomba.

Februari nitakuja kuvuna. Siji kwako, naja kwenye mizabibu ya baba. Usinipikie.

Kuna jambo moja siwezi kuliamua peke yangu. Wateja wangu bado wanaamini umeharibu mvinyo wa Pua. Picha yake bado iko kwenye kaunta, amefumba macho. Nikisema ukweli, namvua jina lake mbele ya watu walewale aliojificha kwao. Nikinyamaza, jina la ovyo linabaki kwako. Sema wewe. Sitakubishia, na unajua hilo linanigharimu nini.

Sweta limefuliwa, linakauka.

Dada


Kiwandani, 19 Novemba

Wifi,

Waambie.

Nimewaza siku kumi. Niliapa kutomwambia Dada, nami kiapo nimekwisha kukivunja, basi hakuna cha kuficha tena. Waambie pia kwamba alisikiliza tangi kwa sikio na kwamba alicheka. Picha usiiondoe. Jaji akikuuliza nani alitengeneza ule wa mwaka wa mvua nyingi, mjibu ni yule mwanamke aliyekuwa anaosha glasi. Nimechoka kusimama kwenye sinki lako.

Tunaanza kuvuna bondeni tarehe kumi na mbili Februari, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla jua halijachoma maganda. Njoo na viatu unavyoweza kuvitupa. Utavuna mstari wa chini pamoja na wanawake wa jirani. Hutatoa amri, huko amri natoa mimi. Utalala chumba cha kubandikia lebo, kuna kitanda cha kukunja na kinabana mgongo. Kupika nitapika, kwa sababu wavunaji watakula, nawe ukitaka kususa, susa.

Dereva anakuletea chupa mbili bila lebo. Nimezijaza kutoka mapipani, mvinyo bado ni mchanga, mwonjaji wako anautaka mwaka mmoja zaidi. Huu ni wangu tangu shamba hadi kizibo, na hakuna jina la mtu mwingine juu yake. Miaka saba nilisikia makofi kupitia mgongo wa mume wangu. Sijui kama ulikuwa mzuri kweli au mlikuwa mnampenda tu. Hakuna mtu aliyewahi kunitazama usoni akaniambia hata kwamba umezidi ukakasi.

Wewe una ulimi mchungu kuliko wote ninaowajua, ndiyo maana nakuletea. Onja, uniandikie. Ukiwa mbaya, tukana. Ila safari hii nitukane mimi.

Wifi yako